Miti ya Uzio wa Mama Mdogo

Nikianza habari hii kwa kuusifia Mto Ruvuma nitalainika, na sitaki kulainika. Naanza na hasira. Nina hasira na mume wangu, nina hasira na rafiki yake, na kila mwezi wa nane, mikorosho ya Newala inapoanza kutoa maua na watu wakaanza kuulizana wataenda wapi kupumzika, hasira yenyewe hunirudia mbichi.

Mimi ni mvuvi wa ndoana. Wateja wanaokuja dukani kwangu Masasi kununua mbegu na dawa ya mikorosho hucheka wakisikia hivyo. Mwanamke aliyezaliwa huko juu Newala, ambako hata maji ya kunywa ni ya kuhangaikia, atakuwa amevulia wapi? Nimevulia kwa mama mdogo. Ni mdogo wake mama yangu, aliolewa bondeni, katika kijiji kilichoko ukingoni mwa Ruvuma, na likizo zangu zote za shule nilizimalizia kwake. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyebaki kuwa mama.

Alinifundisha kwa kunipiga vibao vya mkono. Nikivuta mshipi mapema, kibao. Kambare anaanza kwa kuonja, mwache aonje. Akishaanza kuondoka na mshipi, hapo ndipo unavuta, tena mara moja, bila kujiuliza. Chambo chetu kilikuwa kipande cha sabuni ya mche, maana kambare ana tamaa ya ajabu na sabuni. Perege ni wa mnyoo na ndoana ndogo, na yeye ukimpigia kelele umemkosa.

Na mto una adabu zake. Ukimkuta mtu ameshakaa, unamsalimu kwanza, unamwomba, halafu unakaa mbali, upande maji yanakoelekea, usimchafulie. Samaki mchanga unamrudisha. Matumbo ya samaki hayatupwi majini kamwe, yanafukiwa huko juu, kwa sababu mamba akishalishwa mahali hapasahau. Ukitaka kulala, hulali mchangani hata mchanga uwe unakuita. Unapanda ukingoni, unakagua usije ukaweka hema kwenye njia ya viboko, na kuni unaokota porini zilizokauka. Haya yote nilimwambia mume wangu nyumbani, nikayarudia ndani ya gari tulipokuwa tunateremka kutoka Newala. Aliitikia yote. Ni mwalimu, anajua kuitikia.

Kwao ni mbali, kaskazini kabisa. Rafiki yake aliyesoma naye alikuwa amekuja kututembelea kutoka Dar es Salaam, na wazo la kwenda kupiga kambi lilikuwa lake. Alikuja na hema, viti vya kukunja, na fimbo ya kuvulia yenye kigurudumu cha kukunjia mshipi. Nilipomweleza habari ya kambare na sabuni alinitazama kwa huruma.

"Shemeji, haya mambo nimeyafuatilia sana kwenye simu," akasema.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu hawakumjua.

Tulifika alasiri. Niliwaonyesha pa kuweka hema, juu, chini ya miti. Kisha nikawapeleka kuona uzio. Pampu ya kijiji ilikuwa imekufa tangu masika, na maji yote ya kunywa yalikuwa yanatoka mtoni. Ili mamba wasiwachukue, wanawake wa pale hupigilia miti mikavu ndani ya maji, imebanana, inaanza ukingoni, inazunguka nusu duara na kurudi ukingoni. Mtu anachota akiwa ndani ya hiyo nusu duara. Nje yake hachoti mtu. Nikawaambia, "Hapa ndipo roho za watu zilipo. Msipaguse." Mume wangu akasema sawa.

Nikaenda kijijini kumwamkia mama mdogo na kumwarifu kwamba tumeingia, maana huwezi kulala kwenye ukingo wa watu kimyakimya kama mwizi. Mume wangu alisema atakuja kuamkia baadaye. Kwake yeye mama mdogo ni mama mkwe, na mambo ya mkwe kwetu ni mazito. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, wakikutana njiani mkwe anapisha. Mume wangu hakuzaliwa nayo, lakini aliyashika vizuri, na mama mdogo alimsifu kwa hilo kwa watu wote.

Niliporudi nilikuwa nimefuatana naye pamoja na jirani zake wawili, ndoo kichwani, wanakwenda kuchota ya jioni. Tuliona moshi kabla ya kuona watu. Moto ulikuwa mkubwa, moto wa harusi, na miti iliyokuwa inaungua ilikuwa imenyooka yote, imechongwa ncha upande mmoja. Nilizitambua zile ncha. Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba.

"Shemeji, umekuja wakati wenyewe!" rafiki akasema, akaninyanyulia perege wanne. "Walikuwa wamejificha kwenye ile miti ya zamani. Tumeing'oa michache, tukapata nafasi ya kurusha."

Michache! Nusu ya uzio haikuwepo. Na pale penye pengo, juu ya maji, matumbo ya samaki yalikuwa yanaelea, maana huyu mjuzi wa simu aliwasafishia palepale.

Nilimtukana. Sitaandika nilivyomtukana. Nikamgeukia mume wangu, nikamuuliza alikuwa wapi, akasema alidhani miti michache haitadhuru, mgeni alikuwa na hamu. Mgeni alikuwa na hamu! Wanawake wale watatu nao walikuwa na ndoo tupu, na watoto nyumbani wanasubiri maji.

Mama mdogo hakufoka. Aliwaambia, "Karibuni, wanangu. Poleni na safari." Adabu yake ilinichoma kuliko ule moto. Kisha akamwomba jirani yake panga, wakaenda kukata miti mingine.

Kupigilia miti ni lazima mtu aingie, maji mpaka kiunoni, ashike mti huku mwenzake akiugonga kwa jiwe. Walio ukingoni wanapiga maji kwa matawi na kurusha mawe. Na desturi ya pale inajulikana na kila mtu: aliyevunja ndiye anayeingia. Nikamwambia mume wangu, "Ingia." Akamtazama rafiki yake. Rafiki akautazama mto.

"Kwani mamba wapo kweli?" akauliza.

Kwenye mchanga wa ng'ambo, tulipokuwa tunafika alasiri, mamba alikuwa amelala anaota jua, na yeye mwenyewe alimpiga picha. Nikamwonyesha ule mchanga. Mamba hakuwepo tena. Rafiki akarudi nyuma, akaenda kusimama karibu na gari.

"Waache," mama mdogo akaniambia. "Wageni hawaujui mto."

Akafunga kanga kibwebwe, akaingia. Mwanamke mwenye wajukuu. Nami nikaingia nyuma yake, sketi ikanivimba majini, nikamshikia miti naye anagonga. Jirani zake walipiga maji kwa matawi mpaka mikono ikawachoka. Mimi nilivua katika mto ule miaka yote sijawahi kuuogopa, lakini jioni ile kila kitu kilichonigusa mguu kilikuwa mdomo. Mti wa mwisho ulipoingia, nilimwona mama mdogo anatetemeka taya. Hata hivyo ndoo ya kwanza aliyochota aliwapelekea wageni, wapikie ugali.

Niliwang'olea hema, tukaondoka jioni ileile. Njia nzima rafiki alijifanya amesinzia. Tulipokaribia Newala nikamuuliza mume wangu swali moja tu: wakati mimi na mama tupo majini, yeye alikuwa ametazama wapi? Maana nilipogeuka kumwita aje hata ashike tawi, nilimwona ametupa mgongo, uso ameuelekeza porini.

"Mama alikuwa ameloa," akasema, kwa sauti ya mtu anayetegemea kusifiwa. "Kanga imemganda mwilini. Ningemtazamaje mama mkwe wangu? Nilimstahi."

Nikamwambia, mamba angemchukua mama yangu pale, wewe ungesikia maji tu, umegeuka kwa adabu.