Winchi Isiote Kutu

Siku moja naikumbuka kuliko jana, mjukuu wangu. Mama yangu alikuwa ameanguka shambani, upande mmoja wa mwili ukafa, nami nikaitwa nyumbani Ruring'u niache ushonaji mjini. Na ndio kwanza nilikuwa nimejua kukata suti! Nililia, nikasema cherehani iuzwe.

Baba Mdogo akaja. Wakati wa vita vya Wazungu alikuwa mpakia makaa katika meli ya kubeba katani na chai. Serikali ikaichukua kwa nguvu, ikaipaka rangi ya kijivu, ikaifungia mzinga, na wabeba katani wakaambiwa sasa nyinyi ni wanamaji.

"Ati unauza cherehani?" akaniuliza.

"Nitashona saa ngapi, Baba? Niko na mgonjwa."

"Meli yetu hakuna mtu aliiuliza kama inataka vita. Lakini kila Jumamosi nahodha alituambia tupake winchi grisi, ile ya kuinua mizigo. Tukamcheka, si hakuna mzigo! Akasema vita itaisha, na siku hiyo hataki kuona kutu."

"Na mzinga?"

"Huo pia tulipaka. Tena vizuri, ndio ulituokoa."

Vita vikaisha, mzinga ukang'olewa, na winchi ikainua katani siku ya kwanza tu.

Basi nikamwogesha mama, nikamlisha, nikamgeuza, miaka mingi. Kila Jumamosi niliitia cherehani mafuta na kuizungusha bila kitambaa. Mama alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akasema, "Zungusha tena." Raha niliyoipata hapo siwezi kukueleza. Mungu alipompumzisha, nikafungua duka, na cherehani ile ile ikamshonea baba yako sare za shule. Subira huvuta heri, wanasema. Mimi naongeza: hata subira inataka grisi.

Sasa ni zamu yako. Umefunga duka lako la kinyozi kule Kagio uje umtunze baba yako, kijana wangu huyo. Lakini jana nimeona mashine yako ya kunyoa chini ya kitanda, imefungwa kwa gazeti, ati utaigawa. Wee! Itoe. Kazi usiyoichagua ifanye kwa moyo wote, usimnunie mgonjwa. Na ile uliyoichagua usiiache ioze.

Mungu akubariki, mwanangu, akupe nguvu za kazi zote mbili, na mlango wa duka lako ufunguke tena. Haya, tia mashine mafuta. Baba yako ameshawekwa taulo shingoni, na nywele zile zinamwasha tangu Krismasi.