Uji wa Mtoto Ambaye Hakuja

Nilisimama kanisani, nikiwa na akili zangu timamu, nikamshukuru Mungu kwa mtoto ambaye hata mimba yake sikuwa nayo. Tulikuwa tumefundishwa kushukuru kabla ya kupokea, nami nikapitiliza. Nilisema, "Bwana amenikumbuka, nitabeba mtoto," nikaketi huku makofi yakilia. Mume wangu alinitazama kama mtu anayesikia habari zake redioni.

Jumamosi akina mama wa kanisa walifika kwetu Frogtown, mtaa wetu huku ughaibuni, na themosi mbili za uji wa wimbi, maboksi ya nepi na sweta ndogo ya manjano. Mimi, ambaye hata kutoka kutupa takataka najisukuma nisikutane na watu, nilikuwa na wageni tisa sebuleni. Ningesema ukweli palepale. Lakini mmoja alinimiminia uji, akasema, "Kunywa mama, sasa mko wawili." Miaka kumi na moja nilikuwa nimewapikia uji huohuo wanawake waliojifungua. Hakuna aliyewahi kunimiminia mimi. Nikanywa. Nikaongezwa, nikanywa.

"Utawaambia lini?" mume wangu aliuliza walipoondoka.

"Mungu akinipa, hakutakuwa na la kuambia."

Nilitaka kumbana Mungu kwa aibu. Nilidhani hataruhusu nichekwe. Tumbo lilikua kweli, lakini kwa chapati. Theluji ilipoanza kuyeyuka, daktari alituambia kwa upole kwamba tusingoje mtoto tena. Njiani mume wangu aliegesha gari kando, akazima injini, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwa msiba wa babake. Nikanyoosha mkono, nikashika usukani uliokuwa mbele yake bila kujua niugeuze wapi.

Nilimpigia simu kiongozi wa akina mama, maana ana kwa ana nisingeweza. Nilikiri yote. Akaniombea palepale. Sijui aliomba nini, nilikuwa nalia kwa sauti.

Bado naomba. Siku hizi nasema "Baba," halafu maneno yananiishia. Nakaa hapo jikoni, namwachia amalizie mwenyewe. Kama hiyo ni imani, ni ndogo, lakini sina nyingine.

Juzi msichana mmoja wa kwaya alijifungua, na zamu ya uji ilikuwa yangu. Nilikoroga, nikajaza themosi, nikatoa nepi zote kabatini. Jirani yangu, mama mtu mzima wa Mombasa anayeswali zake tano na asiyependa porojo, alinisaidia kubeba maboksi hadi garini. Kisa chote anakijua. Nikajitia ujasiri, nikamwambia nimeshamwachia Mungu kila kitu.

Alitazama mfuko wa koti langu, ambako mkono wa sweta ya manjano ulikuwa unachungulia.

"Wacha urongo, mwanangu. Nepi umemwachia, sweta umemficha. Rudi ndani ulie nayo kwanza, uji nitaupeleka mimi. Mungu hana haraka kama wewe."