Kibaba cha Mwahija

Mwahija alizaliwa Tabora, akaletwa Ushirombo na mumewe. Alipofiwa alibaki na binti mmoja, Zamoyoni, na kibaba cha bati cha kupimia sukari. Mizani hakuwa nayo. Alijua tu alichofundishwa na marehemu: kibaba cha mfuto cha sukari, kilichosawazishwa mdomoni, ni ratili moja na nusu.

Mwaka 1934, mapera yalipoiva kwa wingi, Apolonia, mpishi wa misheni, alifika sokoni.

"Shikamoo, Mama Zamoyoni."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka sukari ratili sita. Napika jamu, na Padri anataka sukari na mapera vilingane uzito."

"Ratili sita ni vibaba vinne," Mwahija akajibu bila kusita, akampimia.

Kabla ya adhuhuri Apolonia akarudi na sukari yake. "Mama, usinikasirikie. Kwenye mizani yetu zimetoka ratili tano."

Waliokuwa karibu wakageuka. Kwa miaka minane aliyouza sukari hapo hakuna aliyewahi kumwita Mwahija mpunjaji. Hakubishana. Alijifunga kanga vizuri, akachukua kibaba chake, wakaongozana hadi misheni.

Huko akapima mwenyewe. Ratili moja na robo. Akarudia, ikawa vilevile. Apolonia akakigonga kibaba kitakoni kwa kijiko.

"Mbona kinalia kama kimejaa?"

Ndani, chini kabisa, palikuwa na gamba la sukari iliyoganda, nene kama kidole, lililoingia kutu hata likafanana na bati lenyewe. Masika baada ya masika unyevu ulikuwa ukiishikamanisha sukari, naye hakuwahi kukiosha kibaba, akiogopa maji yasije yakamharibia bidhaa.

Wakamimina maji ya moto, wakangoja. Gamba likayeyuka polepole. Kibaba kilipokauka wakapima tena: moja na nusu kamili. Mwahija akakaa chini, mikono mapajani.

Kesho yake aliwaeleza wateja wote mwenyewe, kabla hawajasikia kwa watu. Masele, mfugaji mzee, akauliza, "Sasa miaka yote hii umetupunja kiasi gani?"

"Sijui, baba. Gamba halikuota siku moja."

Akampimia kibaba cha mfuto, akaongeza konzi moja. Alifanya hivyo kwa kila mteja mwaka mzima. Wauzaji wenzake walinung'unika kwamba anawaharibia soko, naye akawaacha wanung'unike.