Vua, Cheka, Vaa

Ukifungua albamu yetu ya miaka ya Ubelgiji utadhani Brussels ni mji wa joto. Mume wangu yuko ndani ya suti ya harusi yetu, mimi nimevaa gauni la kitenge la mikono mifupi, na katikati yetu binti yetu anacheka, mabega wazi, na gauni lake la Krismasi. Miti iliyo nyuma yetu haina jani hata moja, na mzungu anayepita kajifunika mpaka pua. Ni picha moja tu ambamo koti la mmoja wetu linaonekana, tena pembeni kabisa, limeshikwa na mikono midogo.

Maelezo yake ni rahisi. Mume wangu alipata nafasi ya kusomea uzamivu, nami nikamfuata na mtoto, tukapanga vyumba viwili mtaa wa Etterbeek. Kila tuliposikia kuna mtu anarudi Tanzania tulimkabidhi bahasha ya picha. Sasa wewe niambie, mtu anakwenda Ulaya, halafu anatuma nyumbani picha za koti? Koti langu lenyewe lilikuwa la mtumba, la kijivu, nikilivaa nafanana na gunia la mkaa. Gauni lilishonwa na fundi wa Tanga anayejua kazi yake. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wanasubiri kuona gauni, si gunia.

Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu. Jumamosi tunatoka, baridi iwe kali namna gani. Tunakwenda kwenye lile tao kubwa la bustani iliyo karibu na kwetu, au kule kwenye mapira makubwa ya chuma yanayong'aa, au kwenye uwanja wa katikati ya mji wenye majumba yaliyopakwa dhahabu. Mume wangu anamsimamisha mpita njia, anampa kamera, anamwonyesha pa kubonyeza. Hapo binti yetu, aliyekuwa darasa la kwanza na kujipa cheo cha kamanda, anapaza sauti: "Vua!" Makoti yanarushwa kwenye benchi. "Cheka!" Kamera inalia. "Vaa!" Tunayarukia makoti kama watu waliofumaniwa na mvua wakati wa kuanua nguo. Zoezi zima halikuzidi chafya mbili. Baadaye tunanunua ile mikate ya vishimo inayookwa kwenye chuma, ya moto, sukari inanata vidoleni, tunakula huku tunajicheka.

Tatizo lilianza siku tuliyokwenda kwa yule mtoto wa shaba anayekojoa, ambaye watu hutoka nchi za mbali kuja kumwona, na ukimwona unajiuliza ndiye huyu? Wenyeji wana desturi ya kumvisha nguo baadhi ya siku. Siku hiyo alikuwa amevaa koti refu na kofia. Tulifurahi sana. Binti akasimama mbele yake, vua, cheka, vaa, picha ikatoka safi, ikaondoka na bahasha.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Makete. Kwa asiyekujua, Makete kuna asubuhi majani yanakuwa meupe kwa barafu, na watu wanakwenda kanisani na mablanketi mabegani. Mimi wa Tanga, kwake, sikuwa na elimu yoyote ya baridi. Picha zilipomfikia alipanda kilimani penye mtandao akapiga simu, na salamu aliiruka.

"Mwanangu, kale kasanamu kamevaa koti," alisema. "Na kofia. Mjukuu wangu yuko pembeni mikono wazi. Mnalea mtoto au mnamkausha?"

Mume wangu akacheka. "Mama, makoti tunayo. Tunavua kwa ajili ya picha tu."

"Mtu mwenye akili zake avue koti kwenye baridi ili apigwe picha? Mimi usinifanye mtoto. Nakuja Desemba. Nikirudi, narudi na mjukuu wangu. Huku maziwa yapo, moto upo, na shule ipo."

Hakuwa anatania. Shemeji yangu wa Dar es Salaam alianza kushughulikia tiketi wiki ileile. Nilitegemea mume wangu amkatalie, lakini hakumkatalia. Yeye mwenyewe alilelewa na bibi yake huko huko Makete, na akimzungumzia mpaka leo uso unamng'aa. Kwenye ukoo wao kumpa bibi mjukuu ni heshima. Tena mwanamume yule, pamoja na usomi wake wote, hajawahi kumbishia mama yake hata kuhusu chumvi.

"Utamwachia?" nilimuuliza jikoni.

"Tumpokee kwanza," alinijibu.

Nilimpakulia chakula bila kumtazama. Niliogopa kweli. Usiku mtoto akilala nilikwenda kumtazama, kana kwamba ameshaondoka.

Mama alifika akiwa na koti lake la miaka mingi na maneno yake tayari: "Baridi naijua mimi." Tulipotoka nje ya uwanja wa ndege upepo ukampiga mara moja, akasimama.

"Hii siyo baridi," alisema. "Huu ni ugomvi."

Kuanzia siku hiyo kila matembezi yalikuwa mtihani wangu. Nilipiga marufuku kuvua makoti. Binti nilimvalisha sweta juu ya sweta mpaka mikono ikawa haishuki, anatembea kama pengwini, ananitazama kwa lawama. Tulimpeleka Mama kuona barafu wanayotelezea watoto, tukampeleka sokoni wanakouza konokono wa baharini kwenye vikombe vya supu, akachungulia, akasema asante, ameshiba. Alifurahi mno, sitamsingizia. Alicheka kwenye tramu, ile treni ya barabarani, alisalimia watu wasiosalimia, na wengine wakaitika. Lakini kila jioni alimkalisha mjukuu wake kwenye kochi, anamvua soksi, anashika nyayo. Ananitazama mimi.

Siku moja tulishuka Porte de Namur kutafuta kisamvu kwenye maduka ya Wakongo. Muuzaji, mwanamke wa Lubumbashi, alivyomsikia Mama akiongea alifurahi kama amepata ndugu. "Maman, karibu sana! Baridi ya huku iko mubaya, non? Bon, huyu mutoto umufunike masikio, maman. Masikio ndiyo inaleta magonjwa." Nilikuwa nimemfunika kila kitu, ila kofia ilikuwa imepanda juu kidogo. Mama akaishusha mwenyewe, polepole.

"Huyu dada anajua kulea," alisema tulipotoka. Kisamvu hicho sikukionja.

Jumamosi ya mwisho kabla ya safari yake alituuliza: "Yule adui yangu mwenye koti mtanionyesha lini?" Tukaenda. Baridi ilikuwa ile inayouma meno. Tulipofika tukamkuta mtoto wa shaba yuko uchi kama alivyozaliwa, anaendelea na shughuli yake.

"Leo kamevuliwa!" Mama alicheka mpaka akashika uzio. Kisha akageuka, akatazama huku na huku, akaanza kufungua vifungo vya koti lake.

"Mama, unafanya nini?" mume wangu alishtuka.

"Nipige picha." Ndani ya koti kulikuwa na sare ya kwaya ya akina mama, kitenge cha bluu, kimepigwa pasi, mikono mifupi. Kumbe alikivaa tangu asubuhi. "Wenzangu wamenituma. Nikipigwa na koti, watajuaje kama sare imefika Ulaya?"

Nilimtazama mume wangu. Mume wangu alitazama viatu vyake. Na mimi, kwa heshima yote niliyo nayo kwa mama mkwe wangu, niliuma skafu nisicheke.

Binti ndiye aliyeingilia kati. "Bibi, subiri! Usivue mpaka niseme." Akamfungia vifungo tena, akamsogeza mahali pazuri, akamwambia baba yake aweke kamera tayari. Kisha akasimama pembeni, sauti ya kamanda: "Vua!" Koti likamwangukia yeye mikononi. "Cheka!" Bibi akacheka na meno yote. "Vaa!" Hata mikono ya Bibi haijashuka, koti lilikuwa mabegani, skafu shingoni, kofia imevutwa mpaka masikioni. Binti akamvuta Bibi viganja, akavisugua na kuvipulizia pumzi ya moto, uso umekunjamana kwa umakini.

Mama aliitazama mikono yake ndani ya mikono ya mtoto.

"Nani kakufundisha?" aliuliza.

"Ndivyo tunavyofanya kila siku," binti alijibu. "Baba na Mama ukiwaacha watasahau kuvaa."

Kwenye tramu Mama alikaa na mjukuu wake mapajani, na sweta zake zote. Tulipokaribia kwetu akamgusa mume wangu goti.

"Nitarudi peke yangu," alisema. "Huyu nikimchukua, nyie nani atawaambia mvae?"

Mimi nililia pale pale mbele ya abiria, na Mama akafungua kifungo cha juu cha koti lake, akatoa ncha ya kitenge cha kwaya, akanifuta nayo uso.