Roketi ya Mwenyekiti Niliyoikataa

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka 2017, kwenye malisho ya ng'ombe nje ya Dallas, nami nilishapita miaka sitini. Wapo wanaosema haikuwa kazi, ulikuwa mchezo wa watu wazima. Waseme. Nimeshona magauni Mombasa na nimekagua mashuka ya hospitali hapa Texas, wala sikuwahi kuwa makini kama nilivyokuwa kwenye malisho yale.

Klabu yetu ya roketi ndogo ilikuwa ya Waswahili wa Richardson, kitongoji cha Dallas, wengi wao mainjinia. Walinichukua kwa sababu ya cherehani yangu. Roketi ya kadibodi hupandishwa na injini ndogo ya baruti, kisha hushuka kwa parachuti, na parachuti za wale mainjinia zilikuwa zimeshonwa ovyo. Nikazifumua zote. Nikawafundisha kuzipaka poda ya mtoto kabla ya kuzikunja, nailoni isigandane. Mwaka uliofuata Mwenyekiti akanipandisha cheo, nikawa Mkaguzi wa Usalama. Bila sahihi yangu kwenye kadi yake, roketi hairushwi.

"Bi Salma," aliniambia, "hapa kwenye meza ya ukaguzi wewe ndiye mkubwa. Hata mimi nikague." Nikamsadiki.

Kipimo changu kikuu kilikuwa uzi. Unatia injini ndani bila kiwashio chake, unafunga uzi pale roketi inaponing'inia bila kuinama upande wowote, kisha unaizungusha juu ya kichwa. Pua ikitangulia, itaruka sawa. Mkia ukitangulia, itageuka hewani na huenda ikawafuata watu.

Mwaka 2019 tulialika familia kutoka Alief na Sugar Land, kule Houston. Mwenyekiti akaleta roketi yake nyekundu, ameitia injini kubwa kuliko ya kawaida ili wageni waone mambo. Injini kubwa ni nzito, na uzito wote huo unakaa mkiani. Nikatoa uzi.

"Bi Salma, hiyo skip tu. Nimei-simulate kwa laptop, iko stable kabisa."

"Kwa injini gani?"

Akakohoa. "Ile ndogo. Lakini difference ni kidogo."

Nikaizungusha. Ikaenda mkia mbele, watu wote wakiona. Nikairudisha mezani, kadi ikabaki tupu.

"Watu wame-drive kutoka Houston, Bi Salma! Sign tu, responsibility ni yangu."

"Ikimwangukia mtoto wa watu kichwani, utamwambia mamaye hivyo? Sisaini."

Hapo akapandisha sauti mbele ya wageni. Akasema nimezeeka, sijui fizikia, kazi yangu imekwisha, niondoke mezani. Sikuondoka. Nilichomoa ufunguo wa usalama kwenye kisanduku cha kurushia, maana bila huo umeme haufiki kwenye injini, nikautia kifuani, nikaketi. Alipokwenda kuifungia roketi yake garini ndipo nikarudisha ufunguo, na wengine wakarusha zao.

Mwezi uliofuata nilikwenda na kiti changu, nikaketi na watazamaji. Roketi nyekundu ikapanda wima, ikashuka taratibu, watu wakashangilia. Nami nilipiga makofi. Baadaye Mwenyekiti akaja kuchutama kando ya kiti changu.

"Ulikuwa right, Bi Salma," alininong'oneza. "Nimeongeza udongo kwenye pua, uzito umesogea mbele. Tafadhali rudi mezani."

"Yaseme hayo mbele ya watu," nikamwambia, "kama ulivyonifukuza mbele ya watu."

Akaomba tuyamalize sisi wawili tu. Kisha nikakunja kiti changu nikaenda zangu garini, na hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Wanangu wananiambia nimsamehe. Nilishamsamehe siku ile ile. Lakini pale mezani nilitolewa hadharani, na kwa kunong'onezwa sirudi.