Siku Niliyoisoma Kortini

Siku yangu ya kwanza katika biro ya avoka, ofisi ya wakili, pale Rumonge, Metre alinipa kayee nene, yaani daftari, na biki moja ya kuandikia. Maavoka wote huitwa hivyo, Metre. Akasema, "Kila karatasi inayoingia, andika siku yake. Kesi nyingi hazifii mbele ya juji. Zinafia mezani."

Shule niliishia darasa la sita. Sijui kama nilimuelewa. Karatasi zikiwa nyingi nilizilaza chini ya jiwe, nikaziandika nikipata nafasi, kwa siku ileile ya kuandika, si siku zilipoingia.

Mama Zaituni wa Nyanza-Lac alishindwa kesi ya shamba lake la michikichi. Alipopewa hukumu alituletea upesi, Metre akate rufaa kabla siku za sheria hazijaisha. Ilikaa chini ya jiwe langu. Nilipoiandika, siku zilikuwa zimepita. Rufaa ikakataliwa, shamba likaenda.

Akamushitaki Metre. Kesi ya kosa la kazi ni ngumu: haitoshi kuonyesha umeumia, lazima uonyeshe kosa la mwenye kazi ndilo lililokuumiza. Na kayee yangu ilisema mama ndiye aliyechelewa.

Avoka aliyemutetea Metre, mutu wa Bujumbura, aliniambia, "Muzee, hakuna anayekuomba uongo. Soma tu kilichoandikwa." Simulaumu, ilikuwa kazi yake. Metre mwenyewe hakuniuliza kitu, na mimi sikumwambia kitu.

Kortini juji akaniuliza karatasi iliingia siku gani, nikasoma ile iliyoandikwa. Nikafunga kayee.

Mama Zaituni akasimama. "Juji, mumuulize mawese yangu alikula lini! Nilimupa chupa pamoja na hiyo karatasi. Chupa tupu alinirudishia kabla ya hiyo siku anasoma!"

Watu wakacheka. Juji hakucheka. "Iko kweli?"

"Ni kweli, Mheshimiwa. Hii ni siku niliyoandika. Karatasi aliileta mapema."

Metre akashindwa. Njiani tukirudi Rumonge aliniuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa, Metre."

Tukafika Magara. Pale alinunua mikeke, samaki wa ziwa, akanipa miwili. "Kesho uje kazini saa yako."

Kesho yake kayee ilikuwa mezani. Jiwe halikuwepo.

Mama Zaituni alilipwa, lakini michikichi yake anaivuna mwingine.

Sasa nimestaafu, na watu wananisifu kwamba nilisema kweli mbele ya bosi wangu. Nyinyi munaoanza kazi hii, mujue ilivyokuwa: nilisema nilipoulizwa mara ya pili. Mara ya kwanza nilisoma tu kilichoandikwa.