Hundi ya Mtani Wetu

Yule bwana simpendi, na nasema mapema ili mtu asije akasubiri mahali pa kumsamehe. Hapapo. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, naishi na mama yangu Lisekese, pembeni mwa mji wa Masasi, na shuleni na kanisani najulikana kwa jambo moja tu: masihara. Kwaya nilitolewa kwa kumcheka mwalimu wa sauti ya pili, aliyekuwa anatuonyesha jinsi ya kufungua mdomo huku shavu limejaa kashata. Kwa hiyo nikisema mtu fulani hachekeshi, nisikilizwe. Ni fani yangu.

Mama anashona. Alikuwa na cherehani mbili, moja ndogo ya mkono na moja kubwa ya miguu aliyoachiwa na mama yake. Ile kubwa alitaka kuiuza ili anunue mashine ya kufuma sweta. Hesabu yake haikuwa ngumu: kule juu Newala baridi ya Juni haichezewi, watoto wa shule wanavaa sweta, na sweta zote zinaletwa kutoka mbali. Mwalimu mmoja mstaafu wa Masasi mjini alikuwa anarudi kwao kaskazini na mashine yake ya kufuma alikuwa anaiuza. Akamwambia Mama, "Nakushikia mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ikipita hiyo, nampa atakayekuja." Mama alianza kupima vifua vya watoto wa jirani kabla hata ya kupata senti. Watoto wenyewe walidhani wanapelekwa jeshini.

Kuuza ilikuwa kazi yangu, maana simu yenye mtandao ni moja nyumbani na mwenye kuielewa ni mimi. Nilitandika kitenge cha Mama chenye picha za bata ukutani, nikaisimamisha cherehani mbele yake, nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Masasi na Newala wanaouziana vitu. Chini nikaandika: "Cherehani ya miguu, imara kuliko ndoa nyingi. Laki tatu. Malipo ya aina yoyote yanapokelewa, isipokuwa kuku mgonjwa na ahadi."

Watu walicheka sana. Hakuna aliyenunua. Siku ya tatu akaja yeye: "Malipo yoyote, hata hundi?"

Hundi nilikuwa sijawahi kuiona. Nilijua ni kitu cha wakubwa, kama shinikizo la damu. Nikajibu, "Hata hundi, hata dhahabu, hata ng'ombe."

Alikuja na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, amevaa shati lenye kalamu mbili mfukoni. Akajieleza kwamba ni mtumishi wa serikali Newala, amepanga nyumba Mkunya, na kwao ni Songea. Kisha akamuuliza Mama kabila.

"Sisi Wayao," Mama akasema.

"Aaa! Watani wangu! Mngoni nimefika!" Akaitazama nyumba yetu. "Mtani, mbona nyumba imeinama? Na yenyewe ilimwona babu yangu anakuja ikataka kukimbia?"

Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi pia nilicheka, hilo silifichi. Babu zao waliwahi kuja huku na mikuki, babu zetu wakapanda milima mbio. Vita vilipokwisha ukabaki utani: Mngoni anaweza kukutukana, akakunyang'anya kitumbua mdomoni, akalala mlangoni kwako siku ya msiba, nawe huna ruhusa ya kununa. Atakayenuna ndiye mwenye kosa.

Akatoa kitabu chake cha hundi, akaandika kwa kuinama sana, akatia sahihi ndefu yenye mkia. Akachana karatasi, akampa Mama kwa mikono miwili.

Mtu wa mkoa mwingine pengine angemwambia hebu kaa na karatasi yako. Lakini sisi ni watu wa korosho. Kila msimu unapeleka magunia ghalani kwenye chama cha msingi, unapewa karatasi, unarudi nyumbani mikono mitupu. Mnada ukishafanyika ndipo fedha inaingia benki. Mzigo kwanza, karatasi katikati, fedha baadaye: Mama amekulia humo. Tena aliiona hundi kuwa nzuri kuliko stakabadhi ya korosho. "Hii hata bei imeandikwa," alininong'oneza. "Ya korosho unapewa hujui utalipwa ngapi." Akaikunja ndani ya kitabu cha nyimbo. Cherehani ikapandishwa kwenye kirikuu, bwana akapunga mkono, nami nikampungia. Mkono huo ningeweza kuukata.

Jumatatu tukaenda benki. Akaunti ya Mama ni ya korosho. Inaamka msimu, ukipita inalala kama nyoka wa kipupwe. Wakasema imelala mno, iamshwe kwa barua ya mtendaji, kitambulisho na picha mbili. Siku mbili tulizunguka kuamsha akaunti. Jumatano hundi ikapokelewa, tukaambiwa turudi Ijumaa. Mama hakuwa na wasiwasi. Jumamosi ya mwalimu mstaafu ilikuwa kesho yake, na fedha ingekuwa mkononi.

Ijumaa dada wa dirishani aliangalia kompyuta, akamwangalia Mama, akashusha sauti.

"Mama, samahani. Hundi imerudi."

"Imerudi vipi?"

"Aliyeiandika hana fedha za kutosha kwenye akaunti yake." Akaisukuma ile karatasi chini ya kioo, imegongwa muhuri. "Mtafute mwenyewe muongee."

Mama alisogea pembeni ya mlango, akampigia, akaweka sauti kubwa kwa sababu sikio lake moja ni zito. Kwa hiyo foleni nzima ilisikia.

"Mtani!" bwana akapokea. "Salama?"

"Mtani, benki wanasema akaunti yako haina kitu."

Kicheko kikapasuka kwenye simu. "Sasa mtani! Unampa Mngoni mali halafu unataka na hela? Babu yangu alikuwa anachukua bila hata kuaga. Mimi si nimekuachia karatasi?"

Foleni ikacheka. Mlinzi akacheka. Na Mama, aliyekuwa ameishika ile hundi kwa vidole viwili, akacheka pia, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa.

"Lakini mtani, kesho Jumamosi nina..."

"Tutaonana, mtani, tutaonana!" Akakata.

Mimi natambua mzaha uliotengenezwa vizuri. Ule ulikuwa umetengenezwa vizuri. Alikuwa amemfunga Mama mdomo kwa mila yetu wenyewe, mbele ya watu, bure kabisa.

Tuliporudi nyumbani nilifungua lile kundi ili nimtukane huko. Nikakuta picha yangu. Kitenge cha bata, cherehani, hata kidole changu kilichoingia pembeni. Chini yule bwana ameandika: "Cherehani ya miguu, laki nne na nusu. Ipo Mkunya. Mnunuzi anaitazama kesho mchana, mwahi. Fedha taslimu tu."

Nikampelekea Mama. Alisoma mara mbili, midomo inatembea. Nilingoja alie, nikawa nimeandaa na la kusema. Akanirudishia simu.

"Fedha taslimu tu," akasema. "Kesho vaa viatu vya kufunga."

Tulipanda Noah ya abiria ya kwanza kwenda Newala. Njiani Mama alimpigia mwalimu mstaafu kumwomba amsubiri mpaka jioni. Mwalimu akasema atasubiri, ila kuna mama mwingine naye ameulizia, hawezi kuapa.

Mkunya hatukuuliza mara mbili. Kila mtu anamjua mtumishi mwenye maneno. Tulimkuta barazani amevaa kaptula na fulana, mswaki mdomoni, cherehani ya bibi imesimama ukutani, imepakwa mafuta, inang'aa kama inakwenda kipaimara. Wanawake wa nyumba ya pili walikuwa wanamenya mihogo.

"Watani wangu!" akapaza sauti makusudi. "Mmekuja kununua? Wengine laki nne na nusu, Wayao laki tano, maana mna mbio!"

Wanawake wakaacha visu. Watu wakaanza kusogea. Hakuna anayekosa utani wa bure asubuhi.

"Mzee, tunataka laki tatu zetu," nikasema.

"Huyu mtoto amekuja na sura ya karani wa mahakama! Mtani, hukumfundisha utani?"

"Naujua," nikasema. "Mimi natania shule nzima. Ila nikimaliza, mtu anabaki na begi lake."

Kuna aliyecheka nyuma. Bwana akanitazama vibaya, mara moja tu, halafu akarudisha meno. "Adabu, binti. Adabu."

Mama akapanda barazani. Alivuta kigoda, akakaa kwenye cherehani, akauweka sawa mkanda kwenye gurudumu. Akafungua droo, akakuta bobini yake bado ina uzi mweupe wa sare za mwaka jana. Akatunga sindano kwa kuilamba ncha ya uzi. Kisha akamtazama mwanamke mmoja wa mihogo.

"Dada, gauni lako limefumuka kwapani. Lete nikushonee. Mia tano."

Yule mwanamke akajitazama kwapa, akaingia ndani, akatoka amejifunga kanga na gauni mkononi. Miguu ya Mama ikaanza kukanyaga.

"Mtani," bwana akasema, "unafanya nini?"

"Natania."

"Barazani kwangu?"

"Wewe umechukua cherehani bila kuilipia, ni utani. Mimi nimechukua baraza. Nitakutania mpaka jioni, na kesho nikitoka kanisani narudi."

Hapo kicheko kikahama. Nilikisikia kinavyohama, kama mzigo unavyohamia bega la pili. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Mngoni, usinune! Ukinuna umeshindwa!" Bwana akajaribu kucheka nao. Akaingia ndani, akatoka, akaingia, akatoka amevaa suruali. Mama hakuinua kichwa. Likaja shuka, ikaja sketi ya shule, likaja joho la mwanakwaya lililoliwa na panya. Mimi nilikuwa napokea mia tano na kupanga foleni. Kila mtu aliyekuja nilimweleza habari ya hundi kwa urefu, nikiongeza chumvi pale tu ilipohitajika.

Saa sita na nusu akaja mnunuzi, fundi wa Newala mjini, na bahasha mfukoni.

"Mashine ni ipi?"

"Hiyo anayoshonea mwenyewe," akajibu mwanamke wa gauni.

"Mwenyewe nani? Mimi nimeongea na huyu bwana."

"Muulize kama ameilipia," Mama akasema, huku anakata uzi kwa meno.

Nikampa fundi ile hundi. Aliusoma muhuri, akaigeuza, akasoma na nyuma kulikokuwa kutupu. Akanirudishia. Bahasha akaisukuma ndani zaidi ya mfuko, akamwambia bwana, "Ningekuja kulala jela kwa mashine ya watu." Akawasha pikipiki akaondoka.

Bwana alishuka barazani. Sauti ilikuwa nyingine kabisa.

"Mama, sasa huu siyo utani. Mimi ni mtumishi, naheshimika hapa."

Safari hii alimwita "mama". Tangu tumjue lilikuwa mtani, mtani.

"Kama siyo utani," Mama akasema, na miguu ikasimama, "basi tuongee kama watu wasiojuana. Laki tatu, au cherehani."

"Laki tatu sina. Mshahara wote unakatwa mkopo. Nilijua ingeingia..."

"Na laki nne na nusu za fundi zingeingia wapi?" nikauliza.

Alisema tu, "Chukueni," akaingia ndani, akafunga mlango wa mbele mchana kweupe.

Walioibeba mpaka barabarani ni wanawake wa mihogo. Mwenye kirikuu tuliyempata pale alipokea zile mia tano za viraka kuwa nusu ya nauli, nyingine tumlipe Masasi. Mama alikataa kukaa mbele. Alipanda nyuma na kuikumbatia cherehani mteremko mzima ili isigongwe. Huko ndiko simu ya mwalimu mstaafu ilikomkuta. Upepo ulikuwa mkali, ikabidi nisikilize mimi, kisha nimwambie.

"Amempa yule mwingine. Saa nane. Alikuja na hela mkononi."

Mama akatikisa kichwa kwamba amesikia. Akavuta kanga na kukifunika kichwa cha cherehani, maana vumbi lilikuwa linaingia kwenye mafuta.

Huyo aliyeinunua mashine ya kufuma anaishi mtaa wa pili. Sweta zake zina mikono mirefu kupita kiasi, nasema hivyo bila wivu. Mama anashona viraka kama zamani. Nimemwambia tuiuze tena ile cherehani, safari hii kwa masharti yangu. Anasema, "Tutaona." Maana yake hapana.

Yule bwana tulikutana naye Masasi, nje ya duka la nyuzi, wiki mbili baadaye. Alifungua mikono njia nzima. "Watani wangu! Wakimbizi!" Watu wakageuka, wakingoja jibu letu. Kwetu mtani unamwamkia kwa tusi zuri. Nilikuwa nalo moja, kubwa, limeiva, kuhusu kaptula yake. Nikalimeza. Nikapiga goti mpaka chini, kama anavyoamkiwa mkaguzi wa shule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema, bado anacheka kidogo, anasubiri. Mama akampa mkono, akamuuliza habari za kazi. Nzuri. Za safari. Nzuri.

"Mbona hamnitanii leo?"

"Hatujuani na wewe vizuri, mzee," Mama akasema, tukaingia dukani kuulizia uzi mweusi.